Mashine ya Santuri Inauzwa, Masikio Yangu Msiyaseme

Mpendwa mshauri Mama Jagoda,

Naomba msaada, ingawa mimi si mtu wa kuomba, nina miaka themanini na mmoja na nimeishi muda mrefu kuliko nchi tatu zilizokufa mimi nikiwa nimekaa kwenye kochi lile lile hapa Kikinda, nimeishi kuliko pesa zenye sifuri nyingi hadi hazikuenea kwenye noti, kuliko kiwanda kilichoniajiri, kuliko madaktari wawili walioniambia niache sigara, kuliko kaseti, na kuliko zile sahani ndogo za kung'aa ambazo kila mtu alisema ndizo zimeizika santuri, na santuri yangu ipo, inazunguka, na wao wako wapi. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu wa juzi. Nimesoma madarasa manne tu, ukikuta mahali hakuna nukta ujue ninayo kichwani.

Jina langu ni Radivoj Terzin lakini mjini wananiita Radivoj Sikio, na jina hilo sikujipa. Miaka thelathini na moja nilikuwa mgonga nyundo kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Chuma kikishapoa wanakileta mbele yangu, nakigonga mara moja kwa nyundo ndogo, nasikiliza. Kizima kinaimba. Chenye ufa kinakohoa. Nikisema kizima kinakwenda, nikisema kina ufa kinarudi tanuruni hata kama kwa macho kinang'aa kama kioo, na hakuna mkurugenzi aliyewahi kunibishia mara mbili. Siku moja waliletewa injinia kutoka mji mkuu na kifaa chake cha nyaya, kifaa kikasema kizima, mimi nikasema ufa, tukakikata kwa msumeno watu wote wamesimama, na ufa ulikuwemo ndani kwa ndani, mwembamba kama unywele. Injinia akaniuliza, "Bwana, umejuaje?" Nikamwambia, "Kimeniambia chenyewe."

Sasa mashine. Kabla ya kiwanda nilikuwa Ujerumani miaka saba, tunalala wanne chumba kimoja, na wenzangu walirudi na magari, mimi nilirudi kwa treni na sanduku moja la kilo ishirini na mbili, nimelipakata kuanzia Stuttgart hadi hapa, mama yangu alilia alipoliona akidhani nimejinunulia jiwe la kaburi. Ilikuwa ni mashine ya kuchezea santuri, ya kuzungushwa kwa mkanda wa mpira, sahani yake nzito kama gurudumu la lori. Baadaye nikaiundia kitako cha shaba kwa mikono yangu, mkono wake wa kushika sindano ni wa Kijapani, amplifaya ni ya taa za kioo zile zinazowaka rangi ya chungwa, aliitengeneza marehemu Lajos fundi wa televisheni, na spika mbili ni ndefu kama makabati. Kutoka mto uitwao Tisa hadi mpaka wa Romania hakuna mashine kama hii, na anayesema ipo aje nayo nimwone. Na sindano naiweka mwenyewe. Wengine wananunua mizani ndogo ya gramu na vioo vya kupimia, mimi masikio yangu ndiyo mizani, nasikiliza, naongeza uzito kidogo, navuta kile kijiwe kinachoning'inia kwenye uzi na kuuvuta mkono kwa nje, nasikiliza tena, basi. Miaka hamsini hivyo hivyo.

Nauza kwa sababu ya mke wangu Stana. Tunakaa ghorofa ya nne na lifti haijawahi kuwepo, na majira ya baridi ya mwaka jana Stana aliteleza kwenye ngazi na ndoo ya takataka akavunjika nyonga, wakampasua, wakampandisha juu wanaume wanne kwa kiti, na tangu siku hiyo hajashuka ngazi hizo, miezi ishirini Mama Jagoda. Mkate anauvuta roshani kwa kikapu na kamba. Huyu ni mwanamke aliyekuwa anakwenda sokoni mara mbili kwa siku, mara moja kununua na mara ya pili kujua nani kanunua nini.

Tumepata watu wa kubadilishana nao, mume na mke wenye mapacha, wao wachukue vyumba vyetu vitatu vya juu, sisi tuchukue chumba chao na jiko, chini kabisa, mlango unafungukia uani penye mzabibu na benchi, hakuna hata kidato kimoja. Tumepeana mikono, siku ni Sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, na wametuambia wazi kwamba siku hiyo ikipita tukiwa bado tumo humu wanachukua nyumba nyingine wameshaonyeshwa. Chumba hicho nimekipima kwa hatua. Zikiingia spika kitanda hakiingii. Kwa hiyo nimesema nauza, na mimi nikisema nimesema. Zimebaki wiki tatu.

Shida ni wanunuzi. Kwangu kuna utaratibu, na watu wa santuri wa kweli wote wanaujua. Mnunuzi anavua viatu anavaa ndala za mgeni, analeta santuri yake mwenyewe anayoijua kama uso wa mamaye, anapewa kahawa, na upande mzima unachezwa tangu mwanzo hadi mwisho bila mtu kufungua mdomo. Ukiisha ndipo tunaongea. Nimetangaza tangu mwezi wa tano. Wa kwanza aliongea katikati, nikamfungulia mlango. Wa pili alikuja na mkewe, mke akauliza kama juu ya spika panaweza kukaa televisheni na maua, nikamwambia panaweza, kwake. Wa tatu aliushika mkono wa sindano kwa vidole vyenye mafuta ya bureki, ule mkate wa nyama aliokuwa anakula. Wa nne sikuipenda santuri aliyoleta. Wa tano alikuja na santuri mpya bado imefungwa kwenye nailoni, nikamwambia, "Bwana, hii utaijuaje kama imebadilika sauti, nanyi hamjaamkiana?" Wa sita, huyo wa Becej mwenye koti refu, huyo ni mwizi. Alipoondoka nikaja kukuta santuri kumi na mbili hazipo, na si zozote, ni zile bora, za magitaa ya tambura na za kwaya, zile Stana alizonunua tukiwa wachumba. Nilitaka kwenda polisi. Stana akasema, "Acha bwana, ndani ya koti lile angeficha ngapi?" Nikamwambia, "Kumi na mbili."

Wa saba ni mwanamke. Anaitwa Emese, anatoka Senta, kazi yake ni kuweka sawa sauti za vinanda vikubwa vya makanisani, anazunguka kanisa hadi kanisa. Alivua viatu vizuri, alinyamaza vizuri, alifumba macho, nikasema moyoni huyu sasa. Upande ukaisha. Akafungua macho akasema, "Mzee, samahani, sindano hii inabonyeza mno, na imevutwa upande. Inalima santuri upande wa kulia. Husikii ule mkwaruzo juu huko, kwenye sauti nyembamba?"

Nikamwambia, "Binti, mashine hii nimeiweka mimi, kabla mama yako hajaanza kutambaa."

"Sijasema mashine mbaya, mzee. Mashine ni nzuri sana, sijawahi kuona nzuri kama hii. Nimesema sindano."

"Sindano nimeiweka kwa masikio haya. Unajua mjini wananiitaje?"

"Najua, wameniambia chini hapo nilipouliza njia." Kisha akanyoosha mkono akaitoa santuri yake, akairudisha kwenye mfuko wake haraka haraka kama mtu anayemvika mtoto koti, akasema, "Hii naomba usiicheze tena. Lakini nitainunua mashine yote, na spika, kwa bei yako uliyotaja, sipunguzi. Ila uniruhusu niiweke sawa kwanza, hapa hapa, nawe ukiwepo."

Mama Jagoda, nilimfukuza. Nilimwambia akaweke sawa vinanda vya mapadri, na kule mezani kwetu kwenye domino niliwaambia wote kwamba Senta wana mtengeneza vinanda kiziwi, tukacheka hadi rafiki yangu Gligor akadondosha vipande vyake.

Nilipompa viatu vyake na kufunga mlango, siku ile ile, nilimgeukia Stana nikasema, "Umesikia huyo?" nikingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza. Akasema, "Mimi nilidhani unajua."

"Najua nini?"

"Kwamba inakwaruza. Mwaka wa pili sasa. Nilidhani unaipenda hivyo."

Sasa mimi si mtu wa kusema bila kupima. Kesho yake asubuhi nikabadilisha nyaya za spika, ya kulia nikaipeleka kushoto na ya kushoto kulia. Maana ni kweli, sikukwambia, tangu miaka kadhaa upande wa kulia ulikuwa unafifia, upande wa jikoni, ndiyo maana nikawa naongeza uzito wa sindano na kuvuta kile kijiwe, ili kulia pasikike. Nikasema kama kosa ni la mashine, kufifia kutahamia kushoto. Nikacheza. Hakukuhama. Kumebaki kule kule jikoni. Nikasema basi ni spika, nikarudisha nyaya, nikageuza kiti changu, nikakaa nimezipa spika mgongo kama mtoto aliyeadhibiwa darasani, nikacheza tena. Na kufifia kukahama Mama Jagoda. Kulitoka jikoni kukaja dirishani. Kumegeuka nami, kukakaa mkono wangu wa kulia kama mtu aliyekuja na kiti chake.

Nilirudisha kiti. Stana alikuwa mlangoni na fimbo zake mbili, akaenda kuweka kahawa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Amenipigia simu wa nane, daktari wa meno kutoka Zrenjanin, Bwana Tihomir. Nikamwambia utaratibu, ndala na santuri yake na upande mzima. Akacheka akasema, "Mzee wangu, mimi sihitaji kusikiliza, nimeona picha, ile shaba inavyong'aa! Nitaiweka pale wagonjwa wanapongojea. Mashine na santuri zote nachukua, Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari na wabebaji." Yaani mashine yangu ikakae katikati ya watu walioshika mashavu. Lakini amesema Jumamosi, na Jumamosi ni kabla ya Mtakatifu Dimitri, Stana atashuka, chumba kitapatikana, hakuna atakayejua kitu, na mimi nitabaki Radivoj Sikio hadi wanizike. Emese naye namba yake ninayo, aliiandika kwenye kipande cha gazeti akaiacha chini ya kikombe, sijui kwa nini sijaitupa. Lakini kumpigia ni lazima niseme neno ambalo mimi tangu mwaka wa sitini na nane sijamwambia mtu, na siku ile pia nilimwambia ng'ombe.

Kwa hiyo sikuulizi habari za masikio, masikio ni yangu, yaache. Ninalouliza ni hili tu, nimuuzie daktari wa meno kwa namna gani ili kila mtu ajue nimeuza kwa heshima, na nimjibu nini Gligor akiniuliza kwa nini nimemwuzia mtu asiyesikiliza. Nimeshaamua nauza. Sirudi nyuma. Nataka maneno tu.

Anwani kwenye bahasha ataandika Stana, mwandiko wake unasomeka. Na kama unaona nimejisifu, muulize Gligor aliyekuwa posta, alikuwepo siku chuma kilipokatwa kwa msumeno. Muulize Ilonka wa ghorofa ya tatu, huyo amesikia kila santuri yangu kwa miaka thelathini, mara nyingine ananishangilia kwa kupiga dari kwa ufagio. Na muulize mjane wa Lajos, yeye anajua mumewe alisema nini juu ya masikio yangu kabla hajafa. Hao watatu watakuthibitishia kila neno.

Radivoj Terzin
Kikinda

MAMA JAGODA ANAJIBU

Mzee Radivoj,

Barua yako imenifika Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, daktari wa meno anakuja Jumamosi. Una siku mbili, kwa hiyo tusizungukane.

Kwanza pole. Pole kweli, sitanii. Mtu aliyekula mkate wake kwa sikio miaka thelathini na moja, halafu sikio hilo hilo likaondoka polepole bila kuaga, ana haki ya kukasirika. Na ulivyojipima mwenyewe kwa nyaya na kiti, hakuna daktari ambaye angefanya vizuri zaidi. Wengine wangenunua spika mpya. Wewe uligeuza kiti ukakaa ukasikiliza jibu. Hapo nimekuvulia kofia.

Sasa naivaa tena.

Unaniambia nisiguse masikio, na umeniandikia kurasa nne ambazo hazina kitu kingine. Unasema umeamua kuuza. Mzee wangu, tangu mwezi wa tano umefukuza watu sita, mmoja kwa sababu ya nailoni, na muda wote huo mkeo anavuta mkate kwa kamba. Ulikuwa hutafuti mnunuzi, ulikuwa unatafuta kasoro. Na alipofika asiye na kasoro, akavaa ndala zako, akanyamaza upande mzima, akakubali bei bila kupunguza, huyo ndiye ukamfukuza kwa kelele zaidi, maana huyo angeichukua kweli.

Na ule utani wa domino haunichekeshi. Wewe ukiitwa kiziwi utapoteza jina la utani. Emese akiitwa kiziwi atapoteza chakula. Kikinda hapa kuna kanisa lenye kinanda, Senta lipo, Becej lipo, na mapadri wanasikia maneno ya mezani haraka kuliko unavyodhani. Ulipokuwa kiwandani, kuna mtu aliwahi kwenda mjini kusema Radivoj hasikii? Ungemfanya nini?

Kuhusu daktari wa meno, unataka nikupe maneno. Sina. Ninalo swali la nyundo. Chuma chenye ufa kikiletwa mbele yako kimeng'arishwa, mnunuzi yuko mlangoni, haraka yake kubwa, naye kakwambia hahitaji kukigonga, ulikuwa unafanyaje? Ulikiacha kiende? Wewe mwenyewe umeandika: kinarudi tanuruni. Hukusema kinakwenda Zrenjanin.

Sasa lile la mashahidi. Umenitajia watatu, na mmojawapo anapiga dari kwa ufagio. Aliyesikia kila kitu ndani ya nyumba hiyo hukumtaja. Lakini yeye hakungoja kutajwa. Ulimpa bahasha aandike anwani, naye kaandika na ndani ya mfuniko, kwa penseli, kwa huo mwandiko wake unaosomeka. Nakunakilia neno kwa neno, maana nadhani alitaka ulipate kwangu:

"Mama Jagoda, mimi ni Stana mkewe. Zile santuri kumi na mbili hakuiba mtu. Ziko kwenye kabati la shuka, kati ya shuka za baridi. Nilizitoa moja moja kila alipokwenda domino, maana kila alipozicheza nilisikia zinaliwa. Yule bwana wa koti asisumbuliwe. Sikujua nimwambieje mtu anayeitwa Sikio. Kwangu mimi hata akimwuzia daktari wa meno nitashuka, na nitashukuru. Ila yeye atakaa uani amenuna hadi Pasaka, na benchi ni moja."

Basi, Radivoj Terzin, sikiliza.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, unaitoa ile namba ya chini ya kikombe. Unampigia Emese. Neno ulilomwambia ng'ombe mwaka wa sitini na nane bado linafanya kazi, mwambie hilo kwanza, kabla ya habari za mashine, na usiongeze "lakini". Kisha mwambie mashine ni yake kwa bei ile ile, na aje kesho na mizani yake ya gramu aiweke sawa mbele yako. Utatazama mikono yake. Utamwonyesha mambo ambayo mizani haijui, kile kitako cha shaba ulivyokiunda, na taa ipi ya Lajos huchelewa kuwaka. Hayo hakuna mwingine anayeyajua, na yakikaa kichwani mwako tu yatapotea. Na akizitaka santuri pia, zile ulizokwisha kuzilima mwambie ni zipi, moja moja, asije akanunua gunia la majani makavu.

Ukishakata simu ya Emese, pigia Zrenjanin. "Bwana Tihomir, imepata mwenyewe." Maneno manne. Yeye atanunua samaki wa kwenye kioo, na wagonjwa watafurahi zaidi.

Jumapili unashuka kwenye domino. Pale pale, watu wale wale, Gligor akiwa na vipande vyake mkononi, unasema: yule binti wa Senta alisikia, mimi ndiye nisiyesikia. Watacheka. Wacha wacheke, uliwafundisha mwenyewe. Atakayesema Radivoj si Sikio tena mwambie mimi Jagoda nimesema jina unalo, maana ufa huu pia umeupata wewe, kwa kugonga mara moja na kugeuza kiti. Jumatatu unakwenda kwa daktari wa masikio. Si wa meno.

Kwa yule bwana wa Becej huna la kumpelekea isipokuwa kunyamaza. Umemwita mwizi kwenye gazeti, na koti lake halina hatia. Nimeacha jina lake lisichapwe, shukuru.

Kisha jambo moja la mwisho, na hili ulifanye kesho, Emese akishaweka sindano na kabla wabebaji wake hawajapanda. Fungua kabati la shuka. Mwache Stana achague moja katika zake kumi na mbili. Mpe kiti chako, kile cha katikati, ambacho nadhani katika miaka hamsini hajakikalia hata siku moja. Emese akae anapotaka, na yeye asikie zilivyo nzima. Upande mzima, mtu asifungue mdomo, kama ulivyo utaratibu wa nyumba yako. Kumi na mbili hizo mnashuka nazo, hazina nafasi kubwa, zitaingia hata kama kitanda kimeingia.

Nawe usisimame nyuma kama mwenye duka. Vuta kigoda ukae kulia kwake, ili sikio lako zima ndilo liwe upande wa mkeo, maana nahisi kuna mengi amekuwa akiyasema upande ule mwingine.